Gari Lililokalishwa Eda

Nchi ninayoisimulia si hii yenu. Kwenu barabara zipo, na mtu akiitwa serikalini asubuhi, adhuhuri yuko kwake anakula. Kwa hiyo msianze kutazamana, wala asiwepo wa kumkonyeza mwenzake. Ni nchi nyingine, ya mbali. Mimi nimezaliwa huko, jina langu Pandu, na nimeitumikia Serikali yake miaka thelathini na tatu bila kuuliza swali hata moja.

Katika nchi yetu hakuna mtu aliyepotea. Nalisema mapema, maana wageni hukosea hapa. Kuna watu waliochelewa. Mtu ameitwa kwenye Mazungumzo ya Kirafiki, ameingia, hajatoka: huyo amechelewa. Kila Siku ya Taifa Mheshimiwa Rais huwaombea wachelewaji wote wafike salama, na jamaa zao wa kike hugawiwa kanga zilizoandikwa Mvumilivu Hula Mbivu. Ni kanga nzuri, hazichuji rangi.

Mmoja wa waliochelewa ni Haroub, mwalimu wa jiografia. Alikuwa na dada mmoja, Moza, fundi wa kushona, na wawili hao walikuwa na gari moja. Walilinunua kwa kuchanga, nusu kwa nusu, baada ya mama yao kufariki, na kwenye kadi waliandikisha majina yote mawili, la kaka juu, la dada chini. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la mitumba, rangi ya maziwa yaliyokaa siku mbili. Asubuhi Haroub alikwenda nalo shuleni. Saa nane mchana alilirudisha, akasimama mbele ya nyumba ya Moza na kupiga honi mara mbili, fupi fupi. Moza akatoka na buibui lake na furushi la nguo, wakawapelekea wateja. Ndivyo walivyoishi, nami sioni kosa lolote hapo.

Kosa lilianzia barabarani. Serikali ilikuwa imeizindua Barabara Kuu ya Mashariki mara tatu, kila mara kwa ngoma na utepe. Haroub alitaka wanafunzi waichore kwenye ramani, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupima kabla ya kuchora, Jumapili moja alitia gari mafuta akaenda kuitafuta. Kesho yake aliwaambia darasani kwamba ameona shamba la mihogo, ameona mbuzi wawili, barabara hakuiona. Jumatano akaitwa kwenye Mazungumzo ya Kirafiki. Alikwenda na gari, akaliegesha nje ya geti, akafunga milango kwa ufunguo, maana hakudhani atakawia.

Siku ya tatu Moza alikwenda kulichukua kwa ufunguo wa akiba. Kwenye kioo cha mbele alikuta barua ya Serikali. Aliifungua upesi, akidhani ni habari za kaka yake. Ilikuwa onyo la kuegesha gari mahali pamoja kwa muda mrefu.

Baadaye shule iliondoa jina la Haroub kwenye orodha ya walimu, na daftari la vizazi likapewa ukurasa mpya, kwa sababu mchelewaji akizidi kuchelewa huvuruga takwimu. Kadi ya gari ikasahauliwa, kwa kuwa magari yako chini ya wizara nyingine na wizara zetu hazisalimiani. Ikawa ndiyo karatasi pekee nchini yenye jina hilo.

*

Moza alikuwa ameolewa na Msellem, karani wa Idara ya Mizani, mtu mpole kiasi cha kukera. Kwa miaka mitano Msellem alivumilia mengi. Moza alipojifunza kuendesha aliteremsha kioo cha kutazamia nyuma, maana yeye ni mfupi na kaka yake alikuwa mrefu. Kila akirudi garini alikikuta kimepandishwa. Kiti alichokivuta mbele alikikuta nyuma. Msellem alipanda gari hilo mara tatu tu. Mara ya tatu aliteremka njiani, akasema miguu yake inahitaji mazoezi, na toka siku hiyo akawa mtu wa kutembea.

Kisha kulikuwa na honi. Kila siku saa nane mchana, gari limezimwa, ufunguo uko mtungini juu ya kabati, honi hulia mara mbili, fupi fupi. Moza huacha cherehani, hujitanda buibui, hutoka, husimama mlangoni, halafu hurudi ndani. Msellem alijaribu kumweleza mkewe kwamba honi ni mbovu. Moza akamjibu kwamba kitu kibovu hakijui saa.

Mwaka wa sita Msellem akapandishwa cheo, akawa Naibu Msaidizi wa Mkurugenzi wa Mizani. Pamoja na kiti cha kuzunguka aliletewa fomu, na fomu ilimwuliza: Je, una uhusiano na mchelewaji yeyote kwa damu, kwa ndoa au kwa chombo cha usafiri? Alikaa na swali hilo wiki nzima. Alipolijibu, alilijibu kwa talaka, iliyopigwa chapa, nakala tano kwa ofisi tano.

Alimkabidhi Moza nakala ya sita kwa mkono wake, pale barazani, na majirani walisikia alichosema.

"Moza, mimi sikuachi wewe. Ninaliacha gari."

"Basi ungeliandikia gari," Moza akasema, "mimi ukaniacha nikamalizia kushona."

Ndoa ikavunjika, lakini uhusiano wa chombo ukabaki palepale. Kwa mujibu wa Sheria ya Talaka na Vyenye Magurudumu, mume aliyepanda gari la mkewe mara tatu ana fungu ndani yake. Msellem hakulitaka fungu hilo hata kwa dawa. Aliandika barua ya kulikana, ikarudishwa na maelezo kwamba mtu hawezi kukana asichogawiwa. Akaomba agawiwe ili akane. Akajibiwa kwamba mgawo hauwezekani mpaka wenye gari wote wawili waweke saini, na mwenye nusu ya juu, bwana mmoja aitwaye Haroub, anaombwa afike ofisini siku yoyote ya kazi.

Nimewahi kuiona barua hiyo. Ilikuwa na muhuri mzuri sana wa zambarau.

*

Sasa aingie Bwana Fikirini, Mkaguzi Mkuu wa Vyombo Vilivyoachwa. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kalenda tatu mfukoni, na sifa yake kubwa ilikuwa kuhesabu siku. Ukimtajia harusi yako atakwambia ilikuwa siku gani ya wiki, na mara nyingi atakuonyesha kwamba uliikosea. Si yeye aliyetunga eda ya magari, lakini hakuna aliyeipenda zaidi yake.

Eda ya magari ilikuja hivi. Zamani gari la talaka liliandikishwa upya harakaharaka, na wenye nalo wapya wakalalamika kwamba wanakuta ndani vitu vya ndoa iliyokwisha: chanuo, nusu ya kipande cha udi, mara nyingine kilio. Wizara ikaamuru gari la talaka likae eda miezi mitatu kama mwanamke. Lifunikwe shuka jeupe, lisitoke, lisipakwe marashi, lisifunuliwe mbele ya fundi asiye maharimu wake. Masheikh walikumbusha kwa upole kwamba eda ni ya mwanamke na si ya chuma. Wizara ikawashukuru kwa maoni yao na kuyafungia kabatini.

Bwana Fikirini alilifunika gari la Moza kwa mikono yake, akasoma masharti kwa sauti mbele ya nyumba. Ndani ya miezi mitatu kila mwenye gari afike aweke saini. Asiyefika hadi siku ya mwisho atafutwa, na kadi mpya itapigwa chapa bila jina lake.

Niliona Moza akishika mwimo wa mlango. Halikuwa gari lililomshtua. Gari wangelichukua angetembea. Lakini wakilifuta jina lile, nchi nzima ingekuwa haina mahali palipoandikwa kwamba alipata kuwa na kaka, na baada ya miaka michache hata yeye angeanza kuonekana mwongo. Hayo hakunieleza siku ile, alinieleza baadaye, ila uso wake niliuona.

Niliuona kwa sababu nilikuwapo. Kila gari la eda hupewa mlinzi wa Serikali, na gari hili nilipewa mimi. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, nimehamishwa kutoka idara ambayo si lazima niitaje. Niliposoma jina kwenye kadi nilimwomba Bwana Fikirini anipe gari jingine, nikasingizia mgongo. Akaniambia kazi yenyewe ni ya kukaa.

*

Nikakaa. Kigoda changu kilikuwa hatua tatu kutoka gurudumu la mbele, na siku ya kwanza, saa nane mchana, jua la kuchoma, watu wakipita na vikapu vyao, honi ililia mara mbili chini ya shuka. Moza akatoka na buibui. Akanitazama, nikalitazama gari, akarudi ndani.

Nikaandika ripoti. Wizara ikaleta mtaalamu, naye akaamuru betri ing'olewe. Ikang'olewa, ikapelekwa ghalani. Saa nane honi ikalia. Nikaandika ripoti ya pili, nikajibiwa hivi: Honi haikulia, kwa kuwa betri iko ghalani. Niliibandika barua hiyo ukutani karibu na kigoda changu, na kila saa nane niliisoma kwa sauti ndogo wakati honi ikilia.

Honi ningeizoea. Vioo ndivyo vilivyonisumbua. Kanuni inamtaka mlinzi ainue pembe ya shuka kila adhuhuri akague ndani. Nilikuwa nikiinua nakuta vioo vimepata ukungu kwa ndani, ukungu wa pumzi, katika joto ambalo hata mbwa walikuwa hawahemi. Na juu ya ukungu palikuwa pamechorwa mstari kwa kidole, mrefu, wenye kona, uliokwenda ukafika katikati ya kioo ukakatika. Nilitaka kuufuta. Kilichochorwa kwa ndani hakifutiki kwa nje, nami ufunguo sikuwa nao, na nitasema kweli, ningekuwa nao nisingeufungua mlango ule.

Moza hakuwa na ubaya nami. Kila siku aliniletea chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, kwa kuwa nimekaa barazani kwake na mgeni ni mgeni. Alikuwa na kawaida ya kushona kwa mkono akiwa amekaa kizingitini, tukiwa na gari baina yetu. Mwezi wa pili ulipokaribia kwisha aliniuliza kama namwogopa. Nikamwuliza namwogopa nani.

"Hujanijibu, Mzee Pandu."

Nikampa jibu la kiserikali, kwamba mlinzi haruhusiwi kuwa na hofu bila idhini. Hakucheka. Aliendelea kushona upindo mpaka ukafika mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Miaka sita sijamlilia kaka yangu," akasema. "Nikimlilia, nimemuua mimi. Nisipomlilia, nimemtupa. Kila siku ananipigia honi nami natoka, na sijui natoka kwenda kumpokea au kumzika. Nataka nijue moja tu. Gari wachukue."

Nilikuwa na la kumwambia, nikalimeza pamoja na chai, nikamwambia mkate wake umeumuka vizuri. Niliona haya, na naona haya hadi leo.

*

Mwezi wa tatu ulipobaki wiki mbili, kikao kikaitishwa. Kwa kuwa gari la eda halitoki, Serikali ndiyo iliyolifuata gari. Yalitandikwa mazulia, likafungwa turubai, na Mheshimiwa Waziri wa Utengano na Mgawanyo akafika mwenyewe na kulihutubia lile shuka jeupe kwa dakika arobaini. Alilipongeza gari kwa utulivu wake. Alisema kwamba nchi jirani magari ya talaka yanazurura ovyo barabarani, wakati sisi tumeyarudishia heshima. Watu tulipiga makofi pale ambapo katibu wake alipiga.

Msellem aliitwa, akaweka saini bila kumtazama mtu. Moza akaitwa, akaweka yake. Kisha katibu akachukua kipaza sauti.

"Mwenye nusu ya juu, Bwana Haroub, ajitokeze."

Aliita mara tatu kama sheria inavyotaka. Ilikuwa saa tano asubuhi, wala si saa nane, na baada ya wito wa tatu honi ikalia mara mbili, fupi fupi.

Mheshimiwa Waziri alikumbuka kwamba ana kikao kingine. Aliondoka kwa mwendo wa heshima hadi kwenye kona, na baada ya kona sijui aliondoka kwa mwendo gani. Kumbukumbu za kikao ziliandikwa hivi: Mwenye nusu ya juu aliitikia, lakini hakuweka saini.

Kati ya wakubwa, Bwana Fikirini ndiye peke yake aliyebaki, anakunja makaratasi. Hapo Moza akamsogelea na kumwamkia vizuri. Moza si mtu wa kupiga kelele. Alikuwa amemsoma bwana yule kwa miezi miwili na nusu kama anavyosoma kipande cha nguo kabla ya kutia mkasi.

"Bwana Mkaguzi, nina jambo la hesabu limenishinda," akasema. "Gari lililoachwa na mmoja na kufiwa na mwingine, linakaa eda ipi? Ya talaka ni miezi mitatu. Ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Mimi fundi wa nguo tu, lakini naona kama mmelihesabia ndogo."

Mtu mwingine angesema papo hapo kwamba hakuna aliyefiwa. Ndilo jibu tulilofundishwa sote, hata watoto wa chekechea wanalijua. Lakini Bwana Fikirini alikuwa ameambiwa kwamba amekosea kuhesabu. Akatoa kalenda ya kwanza, akatoa ya pili. Alisema suala hilo ni zito, linahitaji tarehe kamili, na atalirudia siku ya mwisho ya eda.

*

Alilirudia. Alikuja saa tatu asubuhi, peke yake, uso umekunjuka kwa furaha, kwapani amebana jalada jekundu. Majirani walikuwa wamejazana kushuhudia jina likifutwa. Msellem naye alikuwapo, amesimama mbali kidogo na kalamu yake ya kukania.

Bwana Fikirini alieleza jinsi alivyofanya kazi. Aliwaandikia wenzake wa Wizara ya Furaha ya Ndani fomu ya kuomba tarehe kwa madhumuni ya hesabu. Hakuna aliyewahi kuijaza fomu ile, na kwa kuwa aliijaza bila kosa hata la nukta, walimpa jalada lote. Lilikuwa limefungwa utepe na kuandikwa Siri. Utepe aliukata, maana ulikuwa unaziba tarehe.

Kisha akasoma, akisimama kila penye namba ili tufuate.

Pingamizi la Bibi Moza halina msingi. Eda ya kufiwa huanza siku ya kifo, hata kama habari imechelewa kumfikia mhusika. Mwenye nusu ya juu, Haroub, alifariki siku ya Alhamisi, tarehe kumi na nne Mfunguo Pili, saa tisa alasiri, katika Nyumba ya Mazungumzo, chumba cha chini, siku moja baada ya kuwasili. Alizikwa siku hiyohiyo nyuma ya gereji ya Serikali, upande wa matairi mabovu. Kwa hiyo eda ya kufiwa ya gari hili ilikwisha tarehe ishirini na nne Mfunguo Sita ya mwaka uleule, na iliyobaki ni eda ya talaka, ambayo ameihesabu sawasawa tangu mwanzo.

Akafunga jalada. Alikuwa amefaulu, na alitutazama akingoja tukubali kwamba amefaulu.

Nilisikia cherehani ya jirani ikisimama.

"Soma tena," Moza akasema.

Alisoma tena, kwa raha, polepole zaidi. Alipofika penye saa tisa alasiri nadhani naye alianza kuyasikia anayoyasoma, kwa sababu sauti ilimpungua, na penye matairi mabovu ilikuwa imekwisha kabisa.

Moza akauliza nani alikuwapo. Bwana Fikirini akapekua, akasema jalada halitaji mtu. Akauliza tena, safari hii akitutazama sote, kama kuna mtu yeyote aliyemwona kaka yake siku ile.

Miaka thelathini na tatu nilikuwa sijasema kitu. Niliinuka kwenye kigoda.

"Mimi nilimwona. Nilikuwa mpokea viatu."

Nikamweleza. Katika Nyumba ya Mazungumzo mgeni huvua viatu mlangoni, kama kwenye nyumba yoyote ya watu wenye adabu, na kazi yangu ilikuwa kuvipokea, kuvipanga na kumrudishia mtu akitoka. Haroub alinipa makubadhi ya ngozi, mapya. Aliniambia ahsante, na hakuna mgeni mwingine aliyewahi kuniambia ahsante mle. Alhamisi alasiri walipita watu wanne wamebeba zulia lililokunjwa, na wa mwisho akaniambia yale makubadhi nisiyaweke mlangoni. Nilielewa. Nilikwenda nyumbani, nikala, nikalala. Kanuni inasema viatu visivyodaiwa kwa siku tisini ni mali ya mpokeaji, nami siku ya tisini na moja niliyachukua.

Moza alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu macho yake yakashuka taratibu mpaka miguuni kwangu. Makubadhi yale nilikuwa nimeyabadilisha kanda mara mbili na soli mara moja. Miezi mitatu nilikuwa nimeyavaa mbele yake nikinywa chai yake.

"Niliyanunua mimi," akasema. "Ya Idi."

Niliyavua. Sikuweza kumpa mkononi, niliyaweka chini mbele yake. Aliinama akayaokota, akayapangusa vumbi kwa ncha ya buibui, akaingia nayo ndani, na ndipo tukamsikia akilia. Alilia kilio cha miaka sita. Wanawake wa mtaa hawakungoja kuitwa, waliingia mmoja mmoja, na kila aliyeingia sauti iliongezeka. Bwana Fikirini alikuwa bado amesimama na kalenda zake. Aliniuliza kwa kunong'ona kama amekosea mahali. Nikamwambia hapana, hesabu ni sahihi.

*

Walikaa matanga siku tatu. Wanaume tulikaa nje kwenye mikeka kando ya gari, na shuka lilikwisha kuvuliwa. Msellem alikuja akakaa mwisho wa mkeka, hakuinua macho. Mlangoni palikuwa na viatu vya mtaa mzima, na mbele ya vyote Moza aliyaweka makubadhi yale, vidole vikielekea ndani, kama ya mtu aliyekwisha ingia. Siku ya kwanza, saa nane, watu wote walinyamaza bila kuambizana. Hakikulia kitu. Siku ya pili hakikulia. Niliinua macho nikatazama vioo, vilikuwa vikavu, unaona viti vitupu mpaka upande wa pili.

Kadi mpya ilibidi itolewe, na kwa kuwa Serikali ilikuwa imekwisha kuandika kifo kwa mkono wake mwenyewe, sheria ilidai jina liandikwe kama lilivyo kwenye jalada. Imeandikwa Marehemu Haroub, juu, na Moza chini. Msellem aligawiwa gurudumu la nyuma la kushoto, akalikana siku hiyohiyo. Bwana Fikirini aliitwa kueleza fomu yake. Amechelewa.

Siku ya nne, betri imekwisha kurudishwa kutoka ghalani, Moza aliendesha gari peke yake hadi gereji ya Serikali. Mlinzi wa getini alimwuliza gari lina tatizo gani. Akasema halina tatizo, limekuja kumwona mwenyewe. Mlinzi alimtazama, akafungua geti, akamwonyesha kwa kidole upande wa matairi.

Nami jana nimeletewa barua yenye muhuri wa zambarau. Nimealikwa kesho asubuhi kwenye Mazungumzo ya Kirafiki. Nimeyaandika haya upesi, nimempelekea Moza ayashone ndani ya upindo wa kitu chochote anachokishona. Kesho nitakwenda miguu mitupu. Mpokea viatu wa sasa ni kijana mwenye watoto, namfahamu, na sitaki abaki na kitu changu.